Tuzo kwa Mwanamke Aliyeuliza "Kwa Nini?"

Mara nyingi tunaposikia kwamba mtaalamu fulani wa ng'ambo amepewa tuzo ya kimataifa ya sayansi, twasoma kichwa cha habari, twatazama picha, kisha twafungua ukurasa mwingine. Twaona hayo ni mambo ya wasomi. Sisi tuna watoto wa kupeleka shule, ada ya kulipa na chakula cha jioni cha kufikiria. Lakini ziko tuzo ambazo sababu yake imeingia hadi ndani ya nyumba zetu, ingawa hatukuiona ikipita mlangoni. Mojawapo ni ile aliyopewa Profesa Susan Solomon wa Marekani mwaka 2018. Kazi iliyompatia heshima hiyo inahusu jokofu lililo jikoni, kopo la marashi lililo chumbani, na ngozi ya mtoto anayecheza juani.

Tuzo yenyewe ni ipi?

Wengi wetu twaijua Tuzo ya Nobeli. Tuzo ya Crafoord haijulikani sana kwetu, lakini hutolewa na wale wale wanaochagua washindi wa Nobeli wa fizikia na kemia, yaani Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi. Ilianzishwa mwaka 1980 na Holger Crafoord pamoja na mkewe Anna-Greta. Holger alikuwa mfanyabiashara ambaye kampuni yake ilitengeneza figo bandia, ile mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Mume na mke hao waliona kwamba ziko elimu ambazo Nobeli haizigusi, wakataka nazo ziheshimiwe: hesabu, elimu ya nyota, elimu ya dunia na elimu ya viumbe. Wakaongeza utafiti wa baridi yabisi, kwa kuwa Holger mwenyewe aliteswa na ugonjwa huo katika miaka yake ya mwisho.

Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya elimu ya dunia. Susan Solomon alitunukiwa pamoja na Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyekwenda kufanya kazi Marekani mwaka 1958. Zawadi ilikuwa krona milioni 6 za Uswidi. Walisifiwa kwa kutuwezesha kuelewa jinsi gesi zilizomo hewani kwa kiasi kidogo sana zinavyotawala hali ya hewa ya dunia nzima.

Kiasi kidogo sana! Hapo ndipo penye ajabu. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 99 ni naitrojeni na oksijeni. Gesi nyingine zote zinagawana hiyo sehemu moja iliyobaki. Lakini kila mwanamke aliyewahi kupika anafahamu kwamba chumvi ni kidogo sana ndani ya sufuria, nayo ndiyo inayoamua kama chakula kitalika. Gesi hizo chache ndizo chumvi ya hewa yetu. Zikipungua mahali zinapotakiwa ni hatari, na zikizidi ni hatari pia.

Msichana aliyependa kupima

Susan alizaliwa Chicago mwaka 1956. Alipokuwa mtoto alipenda kutazama vipindi vya televisheni vya Jacques Cousteau, yule Mfaransa aliyezamia baharini na kuwaonyesha watu maisha ya chini ya maji. Alipofika sekondari alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya sayansi ya nchi nzima. Kazi aliyoipeleka ilikuwa ya kupima kiasi cha oksijeni katika mchanganyiko wa gesi. Basi tangu ujana wake alikuwa anaishughulikia hewa.

Alisomea kemia katika Chuo cha Teknolojia cha Illinois, akahitimu mwaka 1977. Mwaka 1981 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kisha akaajiriwa na idara ya serikali ya Marekani inayochunguza bahari na angahewa, mjini Boulder katika jimbo la Colorado. Alikuwa bado kijana kazini pale habari ya kutisha ilipotoka upande wa kusini kabisa wa dunia.

Mwavuli wetu watoboka

Juu sana angani, kati ya kilometa 15 na 35 kutoka ardhini, kuna gesi iitwayo ozoni. Lau tungeikusanya yote na kuishusha hapa chini, ingekuwa utando wenye unene wa milimita 3 tu. Hata hivyo utando huo ndio mwavuli wetu. Huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayounguza ngozi, inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhoofisha mimea shambani.

Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba juu ya kituo chao huko Antaktika ozoni ilikuwa imepungua mno kila ilipofika mwezi Oktoba. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ametabiri upungufu mkubwa kiasi hicho. Wataalamu wakatazamana. Kulikoni?

Ni kweli kwamba onyo lilikuwa limetolewa mapema. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi zilizoundwa viwandani, ziitwazo klorofluorokaboni, au kwa kifupi CFC, zinaweza kupanda juu na kuiharibu ozoni. Gesi hizo zilipendwa sana kwa sababu haziwaki moto, hazina harufu na hazimdhuru anayezivuta kidogo. Zilitiwa katika majokofu, katika makopo ya kupulizia marashi na dawa ya nywele, na katika kutengeneza magodoro ya sponji. Lakini hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba madhara yangekuja polepole, tena yangekuwa madogo. Hazikueleza jinsi mwavuli ungeweza kutoboka ghafula, mahali pamoja, msimu mmoja wa mwaka. Wengine wakasema ni jua. Wengine wakasema ni upepo tu unaozungusha hewa. Wenye viwanda wakasema tungoje kwanza.

Mama mwenye mtoto anayerudiwa na homa aelewa jambo hili. Jirani mmoja atasema ni meno, mwingine atasema ni baridi, mwingine ni chakula. Kila mmoja ana la kusema, lakini dawa haiwezi kutolewa mpaka kiini cha homa kijulikane. Susan Solomon aliuliza, "Kwa nini pale, na kwa nini wakati ule?"

Juu ya paa, kwa mwanga wa mwezi

Jibu alilolipata alilitangaza mwaka 1986 pamoja na Rolando Garcia, Sherwood Rowland na Donald Wuebbles. Katika giza la majira ya baridi, hewa ya juu ya Antaktika hupoa hadi nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo hutokea mawingu membamba sana. Sasa, klorini inayotoka katika CFC kwa kawaida hukaa angani ikiwa imefungwa na gesi nyingine, kama mwizi aliyefungiwa chumbani. Ikiwa imefungwa hivyo haiidhuru ozoni. Lakini juu ya chembe za barafu za mawingu hayo, kufuli hufunguka. Jua linaporudi baada ya miezi ya giza, mwizi yuko nje tayari. Chembe moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla haijafungwa tena.

Yalikuwa maelezo mazuri, lakini yalikuwa bado ni maelezo. Ilibidi mtu aende kupima. Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 30, Susan Solomon aliongoza msafara wa wataalamu hadi kituo cha McMurdo, Antaktika, majira ya baridi yakiwa hayajaisha. Chombo chake kilipima gesi kwa kuchunguza mwanga uliopita angani. Jua lilikuwa halijarudi sawasawa, kwa hiyo alitumia hata mwanga wa mwezi. Alipanda juu ya paa katika baridi ile kali na kuvigeuza vioo kwa mkono ili mwanga wa mwezi uingie ndani ya chombo.

Vipimo vilijibu. Moja ya gesi zinazoonyesha kwamba klorini iko kazini ilikutwa kwa kiasi cha mara 100 hivi kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka uliofuata alirudi tena kupima, na ndege za utafiti zilizoruka kutoka kusini mwa Chile zikathibitisha jambo lile lile. Kosa halikuwa la jua wala la upepo. Lilikuwa la gesi zilizotoka viwandani na majumbani mwa watu.

Leo hii kuna barafu kubwa huko Antaktika inayoitwa Solomon, kwa ajili ya kazi aliyoifanya katika miaka hiyo miwili.

Akina mama na makopo ya marashi

Hapa twapenda msomaji atulie kidogo, kwa maana kuna jambo ambalo Profesa Solomon mwenyewe amelikumbusha mara nyingi. Onyo la mwaka 1974 lilipotolewa, watu wa kawaida nchini Marekani hawakungoja sheria. Wengi waliacha kununua makopo ya kupulizia, wakatumia marashi ya kupaka. Mauzo yalishuka sana kabla serikali haijapiga marufuku matumizi hayo mwaka 1978. Uamuzi huo ulifanyika dukani, mbele ya rafu, na mikono mingi iliyoacha kopo mahali pake ilikuwa ya wanawake.

Profesa Solomon hueleza kwamba tatizo la mazingira hupata dawa pale watu wanapoona mambo matatu: kwamba linawagusa wao wenyewe, kwamba linaonekana, na kwamba kuna njia inayotekelezeka ya kuliondoa. Tundu la ozoni lilikuwa na yote matatu. Saratani ya ngozi inamgusa kila mzazi. Picha za setilaiti zilimwonyesha kila mtu lile tundu. Na njia ilikuwepo: kuacha gesi moja na kutumia nyingine.

Tarehe 16 Septemba 1987, mjini Montreal, Kanada, mataifa yalianza kutia sahihi mkataba wa kupunguza gesi hizo. Mwanzoni ulitaka CFC zipunguzwe kwa nusu tu. Vipimo vya Antaktika vilipozidi kuthibitika, mkataba ulikazwa London mwaka 1990 na tena Copenhagen mwaka 1992, hadi gesi hizo zikakatazwa kabisa.

Nairobi na Kigali zimo

Habari hii si ya Wazungu peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lina makao yake makuu Nairobi, na aliyeliongoza wakati wa mazungumzo ya Montreal alikuwa Mwafrika, Dakta Mostafa Tolba wa Misri. Alijulikana kwa uhodari wake wa kuwapatanisha wabishi. Ofisi inayosimamia mkataba huo iko Nairobi hadi leo. Kenya ilijiunga na mkataba mwaka 1988, na Tanzania mwaka 1993.

Lilikuwepo swali la haki ambalo halikuweza kukwepwa. Nchi zetu zilikuwa zimetumia gesi hizo kidogo tu. Je, ni haki kumwambia mama wa Afrika asinunue jokofu lake la kwanza, kwa sababu wengine wameharibu anga kwa majokofu yao ya tatu na ya nne? Jibu lililokubaliwa lilikuwa la busara. Nchi maskini zilipewa muda zaidi, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko ambao nchi tajiri huchangia ili viwanda na mafundi wa nchi nyingine wapate mitambo na mafunzo mapya. Nchi zilizoendelea ziliacha CFC kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Mwaka 2009 mkataba huu ulikuwa wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kukubaliwa na kila nchi duniani.

Hata hivyo, gesi zilizoingia mahali pa CFC zilikuwa na dosari yake. Haziharibu ozoni, lakini zinaongeza joto la dunia. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Wataalamu wanakadiria kwamba makubaliano ya Kigali yakitekelezwa, dunia itaepuka joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne hii.

Je, tundu limeziba?

Bado. CFC hukaa angani kwa miaka 50 hadi 100, kwa hiyo gesi iliyotoka katika jokofu la bibi bado iko juu. Lakini mwaka 2016 Susan Solomon na wenzake walitoa habari njema. Walionyesha kwamba tundu la mwezi Septemba lilikuwa limepungua kwa zaidi ya kilometa za mraba milioni 4 tangu mwaka 2000. Hilo ni eneo linalokaribia ukubwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwekwa pamoja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa Januari 2023 ilikadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarudia hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2066 hivi, na sehemu kubwa ya dunia kufikia mwaka 2040.

Tuhesabu basi. Aliyepanda juu ya paa mwaka 1986 akiwa na miaka 30 huenda asiione siku ya kupona kamili. Wajukuu zetu wataiona. Kazi ya namna hii inafanana na ya mzazi apandaye mwembe akijua kwamba watakaoupanda kuchuma embe ni wengine.

Somo la pili, lililo gumu zaidi

Tusije tukafikiri kwamba yamekwisha. Profesa Solomon alishirikiana kuongoza kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililotoa ripoti ya mwaka 2007, iliyosema kwamba kuongezeka kwa joto la dunia ni jambo lisilo na shaka tena. Jopo hilo lilishiriki Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka huo. Mwenzake wa Tuzo ya Crafoord, Syukuro Manabe, alikuwa amekadiria tangu miaka ya 1960 jinsi hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu itakavyopandisha joto la dunia. Naye alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2021, akiwa na miaka 90.

Mwaka 2009 Profesa Solomon na wenzake walionyesha jambo linalopaswa kutufikirisha. Hata kama moshi wote wa viwanda na magari ungekoma, joto ambalo hewa ya ukaa imekwisha kuleta halitashuka kwa kiasi kikubwa kwa miaka 1,000. Ozoni inaweza kupona katika maisha ya watoto wetu na wajukuu. Joto hili tutawaachia urithi. Ndiyo maana kila mwaka wa kuchelewa una gharama ambayo haiwezi kurudishwa.

Nasi tufanye nini?

Twawapa wasomaji wetu mambo machache yanayowezekana nyumbani.

Kwanza, tazama kibandiko kilicho nyuma ya jokofu au ndani ya mlango wake, hasa kama unanunua lililotumika. Likiandikwa R-12, ni la zamani na lina CFC, liache. R-134a haidhuru ozoni, ila huongeza joto la dunia. R-600a haiidhuru ozoni, na joto lake ni dogo mno, lakini ni gesi inayowaka, kwa hiyo usimruhusu asiye fundi kuigusa.

Pili, jokofu au kiyoyozi kikiharibika, muulize fundi ataipeleka wapi gesi iliyomo. Fundi aliyefundishwa huivuta na kuihifadhi. Anayekata bomba na kuiacha ifuke hewani anatuharibia sote. Na jokofu lililokufa lisiachiwe watoto walitoboe kwa misumari.

Tatu, tusisahau jua letu. Nchi za ikweta hazikupoteza ozoni nyingi kama Antaktika, lakini jua letu ni kali siku zote. Watoto wenye ualbino ndio wanaoumia zaidi. Kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli wakati wa adhuhuri na mafuta ya kukinga ngozi si anasa kwao. Ni ulinzi wa maisha.

Nne, na hili twalisema kwa uzito, tumsikilize binti anayeuliza maswali. Huenda anauliza kwa nini sufuria ya maji hutoa mvuke, au kwa nini mvua haikunyesha mwezi huu. Ni rahisi kumjibu, "Acha maneno mengi, kaoshe vyombo." Vyombo vitaoshwa, lakini swali likizimwa mara nyingi hufa. Kama hatujui jibu, tumwambie, "Sijui, mwanangu, tukamuulize mwalimu." Hilo halimpunguzii mama heshima. Kila tarehe 16 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni. Ingekuwa vizuri siku hiyo vikundi vya akina mama na shule za jirani wamwalike mwalimu wa sayansi au fundi wa majokofu aje kueleza mambo haya kwa lugha ya nyumbani.

Uswidi ilimheshimu Susan Solomon kwa tuzo na fedha, na alistahili. Lakini tukitazama vizuri twaona kwamba heshima hiyo ina wengi ndani yake: waliopima kwa uaminifu kituoni Antaktika, waliojadiliana usiku kucha kule Montreal, fundi aliyekubali kujifunza upya akiwa mtu mzima, na mwanamke aliyerudisha kopo la marashi juu ya rafu ingawa hakuna aliyemwona. Mmoja alitafuta kiini cha ugonjwa, na wengi wakakubali kunywa dawa. Bila mmoja wao mwavuli huu usingeanza kuziba.